Likizo ya ugonjwa, fidia na pensheni ya ulemavu: mgonjwa asiyeweza kufanya kazi adai ipi?

Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, maneno haya matatu yanataja haki tatu zinazotoka mifuko tofauti, kila moja na masharti yake. Zanzibar ina sheria zake na mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, kwa hiyo hesabu za hapa chini si zake.

Likizo ya ugonjwa ndiyo ya kwanza, na inalipwa na mwajiri mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Wengi hukosea hapo kwenye mzunguko. Siku hazianzi upya kila Januari. Aliyelazwa siku 40 mwaka jana amebakiwa na 23 tu za mshahara kamili ndani ya mzunguko huohuo, kisha anaingia kwenye nusu. Siku za mapumziko zinazoangukia ndani ya likizo nazo zinahesabiwa, kwa hiyo siku 63 ni wiki tisa kamili za kalenda. Asiyetimiza miezi sita kazini, kwa kawaida hana likizo ya malipo.

Bila cheti cha daktari mwajiri halazimiki kulipa. Cheti hicho, ile karatasi ya ED ya kukupumzisha kazi, kiwe na tarehe ya kuanza na ya kumaliza mapumziko, jina na saini ya daktari aliyesajiliwa, na muhuri. Karatasi iliyoandikwa "apumzike" bila tarehe ni mwanzo wa ugomvi na ofisi ya rasilimali watu. Ukipeleka, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Na ukiambiwa utumie likizo ya mwaka kwanza kabla ya kuhesabiwa mgonjwa, kataa kwa adabu: sheria inakataza likizo ya mwaka kuchukua nafasi ya likizo nyingine.

Kabla ya siku hizo kuanza kuliwa, jiulize ugonjwa au jeraha limetokana na nini. Kama ni kazi, mlango wako ni WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Huu huchangiwa na mwajiri peke yake. Ukiona umekatwa kwenye mshahara kwa ajili ya WCF, hilo ni kosa. Mfuko hugharimia matibabu, na kwa ulemavu wa muda hulipa asilimia 70 ya kipato cha mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000, kwa mfano, anatarajia 420,000. Ulemavu ukiwa wa kudumu, madaktari huupima kwa asilimia: hadi 30 hulipwa kwa mkupuo, zaidi ya hapo huwa pensheni ya kila mwezi.

Madai ya WCF mara nyingi hukwama mapema, siku ileile ya ajali. Mtu anateguka mgongo akipakua mzigo, anakwenda hospitali, daktari anaandika "maumivu ya mgongo" na basi. Baada ya miezi minne hakuna karatasi inayouunganisha mgongo na mzigo. Mwambie daktari ulikuwa unafanya nini, na hakikisha ameandika. Mjulishe mwajiri kwa maandishi; yeye ana siku 7 za kuitaarifu WCF kuhusu ajali. Akizembea usikae, kwa sababu miezi 12 ikipita bila taarifa haki yenyewe inaweza kupotea.

Pensheni ya ulemavu ni ya yule ambaye hatarajiwi kupona na kurudi kama zamani. Hulipwa na mifuko ya hifadhi ya jamii: sekta binafsi huenda NSSF, watumishi wa umma PSSSF. Kwa NSSF, bodi ya madaktari lazima ithibitishe kuwa uwezo wa kujipatia kipato umepungua kwa theluthi mbili au zaidi, na michango iwe imefikia kiwango kinachotakiwa. Asiyekifikia hulipwa mkupuo badala ya pensheni. Kipimo hapa ni kipato. Mhasibu aliyekatwa mguu na bado anafunga vitabu vyake kama zamani anaweza kulipwa na WCF kama ajali ilikuwa ya kazini, lakini akanyimwa pensheni hii. Omba taarifa ya michango yako mapema, ukiwa bado una nguvu za kufuatilia: miezi ambayo mwajiri alikukata bila kuwasilisha hugunduliwa wakati huu, na ndiyo inayochelewesha faili.

Kosa baya kuliko yote ni kuandika barua ya kuacha kazi kwa kuwa unaona aibu kuumwa muda mrefu. Anayejiuzulu anakatisha likizo yake ya ugonjwa, na fao la kukosa ajira halimhusu aliyeacha kwa hiari. Hata siku 126 zikiisha, mwajiri hawezi kukuondoa kienyeji. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka achunguze hali yako, akusikilize, na aangalie kama kuna kazi nyepesi unayoiweza, na wajibu huo huwa mzito zaidi kama umeumia kazini. Ukiachishwa bila hayo, una siku 30 za kufika CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tangu tarehe ya kuachishwa.