Chati ya uchafuzi ikipanda ghafla, angalia kwanza nani kabadilisha mizani

Nikiletewa chati ya jiji ambayo mstari wake umeruka mwaka mmoja, sikimbilii mtaani kutafuta kiwanda kipya. Nauliza kwanza: mwaka huo sisi wahesabuji tulibadilisha nini? Mara nyingi jibu liko mezani kwetu.

Kazi yangu ni hesabu za gesijoto na taka. Mfano ninaoupenda kuutumia ni dampo, kwa sababu dampo halisahau. Historia ya Dar es Salaam peke yake inatosha kukuonyesha. Wakazi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kulipinga dampo lao, wakashinda mwaka 1988, ingawa jiji liliendelea kumwaga pale kwa muda. Taka zikahamia Vingunguti, zikaja Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Watu wanahesabu kwamba dampo likifungwa limekwisha. Kwenye vitabu vyangu bado linapumua.

Chukua tani moja ya mabaki ya chakula: maganda ya ndizi, machicha ya nazi, ugali uliochacha. Kwa viwango vya mwongozo wa mwaka 2006 wa IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, asilimia 15 ya uzito huo ni kaboni inayoweza kuoza, na nusu yake ndiyo huoza kweli. Ikiwa imelala kwenye dampo holela lenye kina cha mita tano au zaidi, unazidisha kwa 0.8, maana juu kuna hewa inayoingia. Nusu ya gesi inayotoka ni methani. Ukimaliza kuzidisha unapata kilo 30 za kaboni, na ukijumlisha uzito wa hidrojeni inayoungana nayo, ni kama kilo 40 za methani. Hazitoki siku moja. Kwenye joto na mvua ya pwani yetu, nusu ya mabaki ya chakula huisha chini ya miaka miwili, karatasi huchukua miaka kumi kufika nusu, mbao ishirini. Kwa hiyo methani ya mwaka huu ina mchango wa taka ambazo waliozimwaga wengine wameshastaafu. Ndiyo maana mwongozo unataka kumbukumbu za angalau miaka 50 nyuma.

Nani anazo? Hakuna. Tunarudi kwenye sensa: mwaka 1988 mkoa ulikuwa na watu kama milioni 1.36, mwaka 2002 takriban milioni 2.5, mwaka 2012 zaidi ya milioni 4.3, na mwaka 2022 takriban milioni 5.4. Tunakadiria kila mtu alitupa kiasi gani, na kiasi gani kilifika dampo. Ni makadirio, lakini yana heshima yake mradi kanuni ileile itumike mwaka hadi mwaka.

Sasa turudi kwenye zile kilo 40. Ili zilinganishwe na hewa ukaa, unazizidisha kwa nguvu ya methani ya kuhifadhi joto katika miaka 100. Zamani tulitumia 21, ikaja 25, sasa taarifa za Mkataba wa Paris zinatumia 28. Kwa hiyo tani ileile ya maganda imekuwa kilo 840, halafu 1,000, halafu 1,120. Imepanda kwa theluthi moja bila mtu kutupa ganda la ziada. Ukichukua ripoti ya zamani na ya sasa ukaziunganisha kwenye chati moja, umeshatengeneza habari ya uongo, na waandishi wa habari wataichukua hivyo hivyo. Dawa ni kurudi nyuma na kukokotoa upya miaka yote kwa 28. Inachosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Getini kwa dampo kuna mtego mwingine. Pasipo na mizani ya magari, karani anaandika tripu. Ofisini mtu anazidisha tripu kwa tani anazodhani lori linabeba likijaa. Mizani ikifungwa, inagundulika kwamba magari mengi hayakuwa yakija yamejaa, au yalijaa majani makavu yasiyo na uzito. Tani zinashuka ghafla, na mtu anapongezwa kwamba wananchi wamepunguza taka. Mwaka wa kwanza wa mizani, endelea kuandika na tripu kama zamani. Ule uwiano kati ya hesabu mbili ndio utakaokusaidia kusahihisha miaka ya nyuma.

Mipaka nayo inasumbua. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, Kigamboni kutoka Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Faili lililoandikwa “Jiji” mwaka 2018 na la mwaka 2023 ni vitu viwili. Mimi hufanya hesabu kwa mkoa mzima, kisha nagawa baadaye.

Halafu kuna moshi. Taka ambazo gari halikuzifuata zinachomwa uani jioni, na daftari la dampo halizioni. Zikichomwa, methani inapungua lakini chembechembe ndogo, zile za PM2.5, zinaingia mapafuni mwa majirani. Kinyume chake nacho kipo: dampo likisimamiwa vizuri, taka zikashindiliwa na kufunikwa udongo, ile 0.8 inakuwa 1.0. Usipovuna gesi, umeondoa nzi na harufu lakini umeongeza methani. Mimi bado napendelea dampo lililofunikwa. Ila mkurugenzi aambiwe mapema kwamba mstari mmoja utapanda, asije akadhani kafeli.

Kwa upande wa kupima hewa, vihisi vya bei nafuu vimetusaidia sana, na mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere umeonyesha njia tangu 2015. Lakini wakati wa masika chembe hunyonya unyevu zikavimba, na kihisi kisichosahihishwa kikasoma juu kuliko hali halisi. Lazima kikae kwa muda kando ya mashine ya rejea, yaani ile ya vipimo vya uhakika, ili visomo vyake vilinganishwe. Machi 2025 Marekani iliposimamisha kutangaza vipimo vya mashine za kupima hewa kwenye balozi zake, Kampala ikiwamo, watafiti wengi walipoteza rejea waliyoizoea.

Kama wewe ndiye unayeshika daftari la getini, nakuomba kitu kimoja: andika tarehe, aina ya gari, ukubwa wa bodi, limejaa kiasi gani, na limetoka kata gani. Usiniandikie tani ulizokadiria. Tani nitazitafuta mwenyewe, na kanuni ikibadilika nitaweza kuzitafuta tena.