Mlango Usiofunguliwa: Jinsi Ndege Inavyolindwa Dhidi ya Watekaji Nyara

Kabla ya Septemba 11, 2001, rubani aliyeelekezewa silaha alifundishwa kutii. Mafunzo ya wakati huo yalimtaka awe mtulivu, asibishane na mtekaji, aielekeze ndege anakotakiwa, kisha atue salama na kuwaachia walio ardhini kazi ya kujadiliana. Kwa sisi tunaowafundisha marubani na wahudumu leo, ushauri huo unasikika kama uzembe, lakini ulitokana na uzoefu wa miaka mingi, na asiyeelewa kwa nini ulionekana sahihi hataelewa kwa nini siku hizi mlango wa chumba cha marubani haufunguliwi hata kama abiria anatishiwa kuuawa nje yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, ndege za Marekani zilitekwa kwa wingi usiozoeleka, na watekaji wengi walitaka jambo moja tu, nalo ni kupelekwa Kuba. Mtekaji wa aina hiyo anahitaji ndege nzima na mateka walio hai, kwa hiyo rubani aliyetii alikuwa anacheza na uwezekano uliokuwa upande wake. Hali iliendelea kuwa hivyo kwa muda mrefu. Februari 1982, ndege ya Air Tanzania iliyokuwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam ilipelekwa Nairobi, Jeddah na Athens, hadi Stansted nchini Uingereza, ambako watekaji walijisalimisha. Hata pale nguvu ilipotumika, kama Entebbe Julai 1976 na Mogadishu Oktoba 1977, mateka walio wengi walitoka wakiwa hai. Ulinzi mkuu wa enzi hizo uliwekwa uwanjani: Januari 1973 Marekani ilianza kukagua kila abiria na mzigo wake wa mkononi, na Machi 1974 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, likapitisha Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga wa kiraia, kiambatisho ambacho hadi leo ndicho msingi wa kanuni za usalama katika viwanja vya ndege.

Ufa katika hoja hiyo ulionekana mapema kuliko wengi wanavyokumbuka. Novemba 23, 1996, vijana watatu waliiteka Boeing 767 ya Ethiopian Airlines, safari namba 961, iliyokuwa imetoka Addis Ababa kuelekea Nairobi, wakataka wapelekwe Australia. Nahodha Leul Abate aliwaeleza kwamba mafuta yaliyokuwamo yalitosha safari iliyopangwa tu. Wao walishikilia kuwa ndege ya aina ile inaweza kufika Australia, kwa kuwa walikuwa wamesoma hivyo katika jarida la ndani ya ndege. Utii na maelezo ya kitaalamu havikuwa na pa kushika, kwa sababu aliyekuwa akielezwa hakuwa tayari kusikia. Ndege iliishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija, na kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walifariki. Nalitumia tukio hili darasani kabla ya kugusa lile la Marekani, kwa kuwa linaonyesha kwamba mtekaji hahitaji kutaka kufa ndipo awaue watu wote. Inatosha akishika usukani wa jambo asilolielewa.

Septemba 11 ilimaliza mjadala. Watekaji walioziteka ndege nne siku ile walikuwa na marubani wao wenyewe, na waliichukulia ndege yenyewe kama silaha. Abiria wa safari namba 93 ya United, walipopata habari kwa simu kuhusu ndege zilizotangulia, waliacha kutii, na ndege yao ikaanguka shambani Pennsylvania badala ya kufika ilikokusudiwa. Kanuni mpya iliyozaliwa baada ya hapo ni ngumu kuisema mbele ya mhudumu anayeanza kazi, lakini lazima isemwe: ndege haiachwi mikononi mwa mtekaji kwa sababu yoyote ile, hata kama kuilinda kutagharimu maisha ya mtu aliye upande wa pili wa mlango.

Ndiyo maana mlango ukapewa uzito huo. Tangu Novemba 2003, kiwango cha ICAO kinataka ndege za abiria zenye viti zaidi ya 60, au zenye uzito wa kuruka unaozidi kilo 45,500, ziwe na mlango unaohimili risasi za silaha ndogo na vipande vya bomu la mkono, na unaoweza kufungwa na kufunguliwa na rubani akiwa kitini. Nje kuna kibao cha namba, ndani kuna swichi, na rubani ana njia ya kuona aliye nje kabla ya kumruhusu. Upo utaratibu wa dharura wa kuingia iwapo marubani wamepoteza fahamu, lakini rubani aliye macho anaweza kuukatalia.

Mlango imara hauna maana ukiwa wazi, na hufunguliwa angani kwa sababu ya kawaida kabisa: rubani naye huenda chooni. Dakika hiyo ndiyo ninayoirudia zaidi katika mazoezi. Rubani hupiga simu ya ndani kwanza. Mhudumu huhakikisha kwamba choo cha mbele ni kitupu na hakuna abiria aliyesimama karibu, kisha njia hukingwa, mara nyingi kwa toroli la chakula lililofungwa breki, na mhudumu husimama nyuma yake akiwatazama abiria, wala si akitazama mlango. Wanagenzi karibu wote hugeuka kuutazama mlango unapofunguka, jambo ambalo ni la kibinadamu lakini ni kosa. Kwa kuwa toroli si ukuta, Juni 2023 Marekani ilitoa kanuni inayotaka ndege mpya za abiria ziwekewe kizuizi cha pili mbele ya mlango huo, hatua ambayo kwa maoni yangu ilichelewa sana.

Mlango ulileta pia hatari yake. Februari 17, 2014, rubani msaidizi wa safari namba 702 ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikienda Roma, alijifungia wakati nahodha alipotoka kwenda chooni, akaipeleka ndege Geneva na kuomba hifadhi. Hakuna aliyeumia. Machi 24, 2015, rubani msaidizi wa shirika la ndege la Ujerumani, Germanwings, alifanya hivyohivyo juu ya milima ya Alps na kuiangusha ndege kwa makusudi, wakafa watu wote 150. Mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilipendekeza mara moja kwamba watu wawili wawemo chumbani muda wote, kisha mwaka 2016 ikalegeza pendekezo hilo na kuyaachia mashirika yapime hatari yenyewe. Nadhani kulegeza huko kulikuwa na busara, kwa sababu kila mtu wa ziada anayeingia huongeza muda wa mlango kuwa wazi. Hatari ya aliye ndani hupunguzwa kwa kumchunguza mtu kabla ya ajira, kumfuatilia kiafya, na kumwezesha kusema kwamba anaumwa bila kuhofia kupoteza leseni.

Utekaji ukitokea licha ya yote hayo, rubani huweka namba 7500 kwenye transponda, yaani kifaa kinachotuma utambulisho wa ndege kwa rada, na skrini za waongoza ndege huonyesha tahadhari bila yeye kusema neno. Ndege za kivita zinaweza kutumwa kuifuatilia. Katika kisa cha Geneva zilikuwa za Italia na Ufaransa, kwa kuwa jeshi la anga la Uswisi wakati huo lilikuwa tayari saa za ofisi tu. Lilianza kuwa tayari usiku na mchana mwishoni mwa 2020. Kuhusu kuitungua ndege yenye abiria, nchi hazikubaliani. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, Februari 2006, ilibatilisha kifungu kilichoruhusu jambo hilo, ikisema kwamba abiria wasio na hatia hawawezi kugeuzwa vitu tu. Kwa hiyo wafanyakazi wa ndege hawafundishwi kutegemea msaada wa nje wakiwa angani.

Ndege iliyotekwa ikishatua, Kiambatisho cha 17 kinaitaka nchi iizuie isiruke tena, isipokuwa pale wajibu wa kulinda uhai unapolazimu iondoke. Desemba 1999, ndege ya Indian Airlines namba 814 ilitua Amritsar ikiwa na mafuta kidogo, ikaachwa ikapaa tena, na mkasa ukaishia Kandahar baada ya India kuwaachia wafungwa watatu. Miaka mitano kabla yake, ndege ya Air France namba 8969 ilizuiwa Marseille. Watekaji waliomba tani 27 za mafuta, ilhali safari ya kufika Paris ilihitaji takribani tani 9, na tofauti hiyo ilizidisha shaka kwamba walikusudia kuilipua ndege juu ya jiji. Kikosi maalumu cha Ufaransa, GIGN, kiliivamia Desemba 26, 1994, kikawaua watekaji wote wanne, na abiria waliokuwamo wakati wa uvamizi wakatoka hai.

Uvamizi hauishi hivyo kila mara. Malta, Novemba 1985, watu wapatao 60 walikufa katika ndege ya EgyptAir, wengi wao wakati makomando walipoingia. Ndiyo sababu majadiliano huvutwa makusudi, saa baada ya saa, juu ya maji, dawa na wagonjwa wa kuachiwa: kila anayeshuka ni mateka mmoja pungufu, na hueleza watekaji wako wangapi, wana silaha gani na wamesimama wapi.