Kwa nini boti ya mvuke hufungwa bomba kando ya mkuku?

Boti ndogo ya mvuke katika Bwawa la Mtera inaelea juu ya maji tele, lakini maji hayo hayafai kwa boila. Yana tope, na madini yake hubaki chini yakichemka. Anayechemshia birika maji ya visima vya Dodoma anaujua ule ukoko mweupe. Ndiyo maana maji safi yaleyale huzungushwa. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni hupita kwenye bomba la kopa nje ya boti, kando ya mkuku (mti wa chini kabisa wa boti), hugeuka maji, na pampu huyarudisha tangini. Bwawa linapoza tu.

Injini ya nguvu za farasi 2 huweza kula kilo 30 za mvuke kwa saa, na kila kilo ina joto la kilojuli 2,200 hivi la kutupwa. Bomba la inchi moja na nusu, urefu wa mita 4, hutoa karibu nusu mita ya mraba ya kupozea. Linatosha. Bomba jembamba la friji lisikushawishi: mvuke hukosa njia na kuikaba injini.

Kazi nyingi huharibikia kwenye mteremko. Bomba lishuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea pampu, na upime boti ikiwa majini, boila imejaa, abiria wamekaa. Ukipimia nchi kavu umejidanganya. Bomba likilegea na kufanya tumbo, maji hutuama hapo, mvuke huyarusha, na bomba hugonga hadi viungo viachie.

Kopa hiyo ikitoka nyuzi 25 hadi 100 hurefuka milimita 5. Kwa hiyo kaza ncha ya kuingilia, vishikizo vingine viwe na raba visivyobana, na ncha ya kutokea iwe na mkunjo mrefu unaoweza kucheza. Kama boti ni ya chuma, kopa isikiguse, la sivyo chuma kitaliwa.

Viungo vichomelewe kwa waya wa madini ya fedha, kisha ziba ncha, jaza upepo wa psi 15, paka povu la sabuni. Tundu dogo chini ya maji huingiza tope la bwawa hadi kwenye boila. Weka pia kichujio cha oili kabla ya bomba, maana utando wa oili huzuia joto kutoka.

Mtera iko karibu mita 700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina mgandamizo wa inchi 27.5 hivi za zebaki. Pwani ni karibu 30. Mvuke ukigeuka maji huacha utupu bombani, na geji ya utupu huonyesha mgandamizo wa ndani umeshuka inchi ngapi chini ya hewa ya nje. Basi geji hiyo ikisoma 23 hapa, ni sawa na 25.5 kule Tanga. Usifungue viungo kwa hilo ukidhani vinavuja. Ikishuka ghafla chini ya kipimo chako cha kawaida, anza na valvu za pampu.