Pazo la bakteria: picha inasema nini, na watu wanaongeza nini

Pazo la vipande 500, yaani picha iliyokatwa vipande ili mtu aviunganishe upya, lenye picha ya bakteria ni zawadi nzuri kwa mtoto anayependa sayansi, na ninafurahi ninapolikuta limetandazwa sebuleni, iwe Sinza au Mbagala. Shida yangu ni maelezo. Wakubwa wanapoketi kusaidia kutafuta vipande vya kona, ndipo mtoto anapopewa elimu isiyo sahihi, na ataibeba mpaka siku atakayoenda dukani kununua dawa.

"Kumbe bakteria wana rangi nzuri hivi!"

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote. Picha nyingi za aina hii hupigwa kwa hadubini ya elektroni, ambayo haitumii mwanga. Hurusha elektroni kwenye sampuli na kupokea zinazorudi, na bila mwanga hakuna rangi. Picha hutoka nyeusi na nyeupe, kisha mtu huipaka kwenye kompyuta: bakteria waridi, nyuma yao buluu, chembe za damu nyekundu. Ni kazi yenye faida, kwa sababu inatenganisha kitu na kitu. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inayotoa picha nyingi kwa umma, huandika katika maelezo ya picha kwamba rangi imeongezwa. Kama boksi lako halikusema, mwambie mtoto wewe.

Kwenye hadubini ya kawaida, kama zile za zahanati zetu, rangi ipo, ila ni ya dawa tunayoimwagia sampuli. Bakteria wengi wakiachwa walivyo huwa karibu hawaonekani. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, alichapisha njia ya kuwapaka ambayo maabara zinaitumia hadi leo: wengine hubaki na zambarau, wengine huishia kuwa waridi kwa rangi ya pili. Tofauti hiyo inatokana na ukuta wa seli, na humsaidia daktari kuchagua dawa. Vimelea vya kifua kikuu vina ukuta wa nta, hivyo hupakwa kwa njia nyingine, ya Ziehl-Neelsen, na huonekana kama vijiti vyekundu.

"Wako hai hapo."

Hapana. Kwa picha hizi, kwa kawaida huuawa kwa kemikali, hutolewa maji, hupakwa tabaka jembamba la madini kama dhahabu, kisha huwekwa mahali palipoondolewa hewa.

"Mwenye umbo hili ni wa kipindupindu."

Hapa naomba tutulie, kwa sababu Dar es Salaam inakijua kipindupindu. Mlipuko mkubwa wa 2015 ulianzia hapa hapa jijini. Ni kweli *Vibrio cholerae* amepinda kama alama ya mkato. Lakini spishi hiyo ina makundi zaidi ya 200, na milipuko ya kipindupindu husababishwa na mawili tu, O1 na O139. Wengine wanaishi zao kwenye maji ya pwani na mito, na wana mkunjo ule ule.

*E. coli* naye ni hivyo hivyo. Walio wengi wanakaa kwenye utumbo wako bila kukudhuru, lakini aina ya O157:H7 inaweza kukuharisha damu. Waweke pamoja chini ya hadubini, huwatofautishi. Ndiyo maana maabara huotesha sampuli na kufanya vipimo vingine, na ndiyo maana majibu ya kuotesha huchukua siku. Anayekuharakisha anakunyima kipimo.

"Si ndio wale wadudu wawili nilioambiwa nina malaria?"

Wadudu wa malaria ni Plasmodium. Wao si bakteria: seli yao ina kiini, wanaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, na wana dawa zao. Virusi nao ni kundi lingine, wadogo zaidi, na antibayotiki haiwagusi. Amoksisilini kwa mafua ya kawaida ni hela iliyopotea na usugu uliopandwa.

"Wote ni uchafu."

Mtindi ni kazi ya bakteria. Togwa pia. Kunde zinapata nitrojeni ya hewani kupitia bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi yake.

"Hawa wawili wamekamatana, wanapigana."

Aliyebanwa katikati kama kiuno ni bakteria mmoja anayegawanyika kuwa wawili. *E. coli* akiwa na chakula na joto linalomfaa hufanya hivyo kila dakika 20 hivi. Kwa anayepanga pazo, hawa ni msaada mkubwa: katikati ya vijiti mia vinavyofanana, watafute wenye kiuno kwanza.

"Boksi limeandika mara 6,000, basi ndio ukubwa wake."

Namba hiyo ilikuwa sahihi kwenye picha ya awali. Ikichapishwa kubwa zaidi, haifai tena. Kinachoaminika ni kimstari cha kipimo kilicho pembeni, kwa kuwa hukua pamoja na picha. Kisipokuwepo, chukua rula. *E. coli* ana urefu wa takriban mikromita 2 (mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Akitoka sentimita 5 kwenye meza yako, amekuzwa mara 25,000.