Kipandikizi cha ubongo husikia nini?

Kila ninapozungumzia hadharani vipandikizi vya ubongo, yaani vifaa vinavyopachikwa kichwani kunasa ishara za ubongo, hakosi mtu wa kuuliza: "Kitasoma siri zangu?" Sicheki. Zipo maabara ambazo kwa kiasi fulani zimeweza kunasa maneno ambayo wahusika waliojitolea waliyatamka kimoyomoyo. Lakini vifaa vingi vinavyojaribiwa kwa wagonjwa leo vinategwa penginepo, kwenye eneo dogo la ubongo linaloamrisha viungo visogee.

Uti wa mgongo ukiumia karibu na shingo, mkono hulala. Ubongo wenyewe hauachi kazi. Mtu akikusudia kunyanyua kidole, seli za neva za eneo lile hutoa mipigo yake midogo ya umeme. Amri inatoka, ila haifiki. Elektrodi, yaani vincha vidogo vinavyonasa umeme, huidaka pale pale inapotoka. Siku za mwanzo mgonjwa hukaa mbele ya skrini akifuata kitone kinachotembea, akijaribu kusogeza mkono ambao haujongei, huku programu ikijifunza kuwa mipigo ya namna hii ni kulia na ya namna ile ni kushoto. Baada ya hapo kishale cha kwenye skrini humtii.

Jambo hili ni kongwe kuliko kelele zake. Mwaka 2004, katika majaribio ya BrainGate nchini Marekani, mtu aliyepooza aliwekewa kibati chenye vijisindano vipatavyo 100 na akaendesha kishale. Tatizo lilikuwa waya uliopita kichwani kwenda kwenye mashine. Neuralink, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2016, imeficha kila kitu chini ya ngozi: kidude cha ukubwa wa sarafu kinachokaa kwenye tundu la fuvu, nyuzi 64 zenye elektrodi 1,024, na chaji isiyohitaji waya. Nyuzi hizo ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo huchomekwa na roboti, moja baada ya nyingine, ikikwepa mishipa ya damu.

Mtu wa kwanza aliwekewa kifaa cha Neuralink Januari 2024. Wiki chache baadaye nyuzi nyingi zilikuwa zimechomoka. Ubongo hautulii ndani ya fuvu. Hutikisika kwa kila pigo la moyo na kila pumzi, na uzi uliozama milimita chache tu hauna pa kushikilia. Wahandisi wakabadili jinsi programu inavyosoma ishara zilizobaki, na kwa maelezo ya kampuni, kishale kikawa na kasi kuliko mwanzo. Ufundi huo naupongeza, ingawa nyuzi zilizochomoka hazikurudi.

Synchron, kampuni nyingine, wao hawatoboi fuvu. Hupitisha kimirija cha wavu kwenye mshipa wa shingo hadi mshipa wa damu ulio jirani na eneo la mwendo. Upasuaji ni mwepesi, lakini elektrodi ni 16 tu, nazo husikia kwa mbali, kama anayesikiliza mazungumzo kupitia ukuta.

Kwangu swali zito kuliko la siri ni la umri wa kampuni. Second Sight ya Marekani ilitengeneza kipandikizi cha jicho, Argus II, kilichowarudishia vipofu uwezo wa kutambua mwanga na maumbo. Zaidi ya watu 350 duniani waliwekewa. Mwaka 2019 kampuni ikaacha kukitengeneza, mwaka uliofuata ikaachisha kazi wafanyakazi wengi, na watumiaji wakabaki na kifaa jichoni bila wa kukikarabati. Simu ikikosa fundi utaiweka kabatini. Hiki kimeshonwa mwilini.

Kwa hiyo anayefikiria kujiunga na jaribio asitie saini kabla ya kuonyeshwa, kwa maandishi, nani atasasisha programu baada ya jaribio kuisha, kifaa kikiharibika kitatolewa na nani, na gharama ya kukitoa ni ya nani kampuni ikiwa haipo tena.