Rubani kwenye redio ya FM

Kati ya Moshi na Arusha, hasa jirani na uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), wapo wanaoamini kwamba rubani akisikika kwenye redio ndogo ya FM, ndege imeingilia masafa ya stesheni. Kwa kawaida sivyo. Ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137, juu zaidi kuliko masafa ya FM.

Ndani ya redio, chipu ya kichanganyi huchanganya wimbi la antena na wimbi linalozalishwa na redio yenyewe, kisha huchukua tofauti yao, mara nyingi megahezi 10.7. Ukiwa kwenye stesheni ya 98.0, wimbi la ndani ni 108.7, lakini 119.4 nayo imepishana nalo kwa 10.7 ileile! Kichujio, yaani sehemu ya kuzuia mawimbi yasiyotakiwa, kikiwa hafifu huziachia zote mbili, na rubani husikika.

Jumlisha 21.4, yaani 10.7 mara mbili, kwenye namba ya stesheni uone kama inaangukia kwenye masafa ya ndege. Kisha washa redio bora zaidi palepale. Rubani asiposikika, chanzo ni redio yako, wala haijaharibika.