Lobi si bahasha

Wiki iliyopita, dukani kwa jirani yangu anayeuza spea, mteja mmoja alikuwa akisimulia jinsi faili lake lilivyokwama katika ofisi fulani. "Nikalobi kidogo," akasema, huku akisugua kidole gumba na cha shahada, "likatembea." Watu wote wakacheka. Nilikuwa nimeshalisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno, nikarudi nyumbani na donge kooni.

Kulobi ni kumwendea mtunga sheria ili aunge mkono, arekebishe au aangushe sheria fulani, kwa niaba ya watu itakaowagusa. Anayeifanya kazi hiyo kwa malipo ni mlobi, na mara nyingi anayemlipa ni chama cha wafanyabiashara. Maana ndiyo hiyo tu. Balaa limo katika neno lenyewe.

Lobi imetoka Kiingereza, nacho Kiingereza kililichukua kwenye Kilatini cha zama za kati, lobia, yaani kibaraza kilichoezekwa. Kwenye Bunge la London likawa jina la ukumbi wa nje ya chumba cha mjadala, mahali mwananchi alipoweza kumvizia mbunge wake akipita. Marekani, mapema katika karne ya 19, watu waliokuwa wakizagaa kwenye kumbi za bunge la jimbo la New York, kule Albany, wakaitwa kwa jina la ukumbi. Iko hadithi kwamba aliyelibuni ni Rais Grant, akizongwa na waombaji kwenye hoteli ya Willard, Washington, wakati anavuta sigara yake. Hadithi tamu, lakini Grant aliingia madarakani 1869, na neno lilikuwa limeshachakaa.

Sisi tuna neno lililosafiri vivyo hivyo: baraza. Lilikuwa kiti cha udongo au mawe mbele ya nyumba, watu wanapobarizi, hadi leo tuna Baraza la Mawaziri. Tofauti ni kwamba baraza letu liliingia ndani likakaa na wakubwa, lobi yao ikabaki mlangoni na wenye shida.

Kwa nini basi tunalisikia kama tusi? Nadhani kosa ni la tafsiri. Tuliambiwa lobi ni "ushawishi", na ushawishi ni jamaa wa kishawishi. Mkatoliki yeyote amesali "usitutie katika kishawishi" tangu utotoni. Ukimwambia kuna mtu kazi yake ni ushawishi, atamwona nyoka wa Edeni. Ongezea takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapigakura, ambayo Tanzania iliiruhusu kwenye sheria ya uchaguzi hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha 2006, uone kwa nini hatuamini ukarimu wowote unaomhusu mwanasiasa.

Sasa tazama wauza spea wa Marekani. Gari la siku hizi lina kompyuta, na fundi wa mtaani asipoweza kuisoma, mteja huenda kwa wakala wa kiwanda, ambako atafungiwa spea za kiwanda. Muuza spea huru anakosa mauzo bila hata kujua aliyemkosesha. Ndipo chama chao, ambacho sasa kinaitwa Auto Care Association, na wenzake wakabisha hodi katika bunge la jimbo la Massachusetts, wakitaka fundi yeyote aweze kuisoma kompyuta hiyo. Mwaka 2012 mswada wa maridhiano ulipita na gavana akausaini. Novemba wapigakura nao wakaunga mkono haki ya kutengeneza gari popote kwa asilimia 86 hivi. Januari 2014 watengenezaji magari wakakubali masharti ya namna hiyo nchi nzima. Jimbo moja lilitosha kuwaleta mezani. Mwaka 2020 wapigakura wakaongeza kwenye haki hiyo data zinazorushwa hewani kutoka kwenye gari. Watengenezaji, ambao nao wana walobi wao tena wa kutosha, wakaenda mahakamani, na kesi ikaburuzwa kwa miaka kadhaa.

Mlobi wa kule hufanya nini hasa? Kwanza hujisajili na kumtaja anayemlipa. Kisha hufundisha. Baraza la Wawakilishi la New Hampshire lina wajumbe 400, kila mmoja akilipwa dola 100 kwa mwaka. Mjumbe wa namna hiyo huenda ni mkulima au mwalimu mstaafu; lazima mtu amweleze lile tundu chini ya usukani ni la nini, na fundi akichomeka mashine yake anasoma nini. Mlobi mzuri haendi peke yake: humchukua mwenye duka la spea kutoka eneo la mjumbe yuleyule, akae mbele yake aseme ameajiri vijana wangapi. Kule Wisconsin mlobi haruhusiwi kumnunulia mjumbe hata kikombe cha kahawa.

Sisemi ni malaika. Michango ya kampeni ipo, na mwenye fuko nene husikika zaidi. Lakini anayelobi anataka sheria ibadilike kwa wote walio kwenye biashara ile, na jina lake liko kwenye daftari la serikali. Yule mteja alitaka faili moja, lake, na hakuna daftari lililomwandika.

Nilimwambia jirani yangu hayo jana. Akafikiri kidogo, akauliza, "Kwa hiyo yule bwana alifanya nini?"

Alihonga, ndugu yangu. Neno tunalo.